Mizizi, Wanyama na Sonona

Katika mwaka wa 1931 madaktari wawili wa Bara Hindi, Gananath Sen na Kartick Chandra Bose, walichapisha taarifa juu ya mzizi uliojulikana na watu wao kwa karne nyingi. Mzizi huo ulitoka katika mmea mdogo uitwao sarpagandha, na elimu ya mimea huuita Rauvolfia serpentina. Walieleza kwamba mzizi huo uliwatuliza wenye wazimu na kushusha shinikizo la damu. Taarifa hiyo haikutikisa ulimwengu siku ile. Hata hivyo, katika miaka thelathini na mitano iliyofuata, mzizi ule ulibadili namna wataalamu walivyofikiri juu ya sonona, yaani huzuni iliyopita kipimo chake na kugeuka maradhi. Na njia uliyopita kufanya hivyo ilikuwa njia ya wanyama.

Kwa hiyo historia ya sarpagandha ni historia ya mzizi, lakini pia ni historia ya sungura na panya waliofanywa mashahidi wake. Ndani ya historia hiyo limo swali ambalo halijazeeka: mnyama ameonyesha nini hasa, na ni nani aliyemtafsiri? Swali hili si mchezo wa wasomi. Mgonjwa wa sonona huweza kujiua. Na dawa aipewayo, ikiwa imesifiwa kwa ushahidi mbovu, humpotezea siku ambazo pengine hana. Mganga naye huweza kudhulumiwa, kwa kuwa jaribio lililofanywa ovyo huweza kuikataa dawa yake njema kama liwezavyo kuisifu dawa yake isiyofaa.

Sifa ya kwanza katika kazi hii ni ya wenyeji wa India wenyewe. Hakim Ajmal Khan, tabibu mashuhuri wa Delhi aliyefariki mwaka wa 1927, alitaka dawa za asili zichunguzwe kwa kemia ya kisasa, na kazi hiyo akamkabidhi Salimuzzaman Siddiqui. Siddiqui alipofaulu mwaka wa 1931 kutenga viini vya mzizi wa sarpagandha, kimoja alikiita ajmalini ili kumkumbuka hakimu yule. Mwaka wa 1949 Rustom Jal Vakil wa Bombay alieleza katika jarida la Uingereza jinsi wagonjwa 50 wa shinikizo la damu walivyopata nafuu kwa mzizi huo. Ndipo Ulaya ilipogeuza shingo. Katika mwaka wa 1952 wataalamu wa kampuni ya Ciba katika mji wa Basel, Uswisi, walitenga kiini kiitwacho reserpini, na mwaka wa 1954 Nathan Kline wa Marekani alitangaza matokeo ya kukitumia kwa wagonjwa wa akili katika jimbo la New York.

Ukoo wa mmea huu haukukomea India. Mizizi ya Rauvolfia vomitoria, mti wa Kongo na Afrika ya Magharibi, nayo ilikuwa na reserpini, nayo ikachimbwa na kuuzwa ng'ambo. Katika Kilimanjaro ganda la msesewe, ambao wataalamu huuita Rauvolfia caffra, limetumiwa na Wachagga katika kupika mbege. Basi jambo lililotokea katika vyumba vya majaribio vya Basel na Bethesda liliihusu miti ambayo mtu wa Afrika ya Mashariki angeweza kuifikia kwa mkono wake.

Reserpini ilipoingia katika vyumba hivyo, wanyama walionyesha jambo ambalo hakuna aliyeweza kulikana. Sungura aliyedungwa dawa hiyo alijikunyata, kope zake zikawa nzito, akaacha kutembea. Mwaka wa 1955 Alfred Pletscher, Parkhurst Shore na Bernard Brodie walionyesha kwamba reserpini ilipunguza mno akiba ya serotonini katika mwili wa sungura. Wakati huohuo zilifika habari kutoka hospitalini kwamba baadhi ya wagonjwa waliotibiwa shinikizo la damu kwa reserpini walishikwa na huzuni kubwa. Mambo mawili yakafungwa katika kamba moja. Ilisemwa kwamba mnyama aliyejikunyata anafanana na mtu aliyesononeka. Kwamba kilichopungua katika mnyama ndicho kilichopungua katika mtu. Na kwamba dawa itakayomwinua mnyama itamwinua na mtu. Mwaka wa 1965 Joseph Schildkraut alipoandika makala yake maarufu juu ya kemia ya sonona, habari ya reserpini ilikuwa moja ya nguzo za hoja yake.

Lakini kufanana si kuwa kitu kimoja. Mwaka wa 1957 Arvid Carlsson na wenzake katika Sweden waliwapa wanyama reserpini mpaka wakalala kimya, kisha wakawapa dopa, na wanyama wakaamka na kutembea. Ufuatiliaji wa jambo hilo haukumpeleka Carlsson kwenye sonona. Ulimpeleka kwenye ugonjwa wa Parkinson, ambao humnyima mtu uwezo wa kutawala mwendo wa viungo vyake, na mwaka wa 2000 alitunukiwa Tuzo ya Nobel. Huyu hapa, basi, ni mnyama mmoja, amekaa vilevile, amejikunyata vilevile. Mtazamaji mmoja aliona ndani yake moyo uliovunjika. Mwingine aliona misuli iliyokosa amri. Mnyama hakusema uongo kwa yeyote kati yao. Kimya chake kilikuwa kimoja, na tafsiri zilikuwa mbili.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba jibu jingine lilikwisha kutolewa mapema, likapita bila kusikilizwa sana. Mwaka uleule wa 1955 D. L. Davies na Michael Shepherd wa London walichapisha katika jarida la Lancet jaribio juu ya wagonjwa wenye hofu na huzuni. Waliwagawa kwa kura, wengine wakapewa reserpini na wengine kidonge kisicho na dawa. Waliopewa reserpini walipata nafuu zaidi. Yaani dawa iliyodhaniwa kuleta sonona ilikuwa imewasaidia baadhi ya wenye huzuni. Karibu nusu karne baadaye, mwaka wa 2003, Alan Baumeister na wenzake walipitia upya ushahidi wote wa zamani, wakahitimu kwamba imani ya reserpini kuleta sonona haikuwa na msingi wa kutosha. Jaribio moja lililopangwa vizuri lilikuwa limelala rafuni, huku mfano wa sungura aliyejikunyata ukifundishwa darasani.

Dawa za kwanza zilizotibu sonona hazikuvumbuliwa kwa wanyama. Iproniazidi ilikuwa dawa ya kifua kikuu, na furaha isiyotazamiwa ya wagonjwa wa kifua kikuu ndiyo iliyowashtua madaktari. Imipramini ilijaribiwa na Roland Kuhn katika hospitali ya Münsterlingen, Uswisi, kwa wagonjwa wa akili wa namna nyingine. Naye kwa kuwatazama na kuwasikiliza wagonjwa wake aligundua kwamba waliosononeka ndio waliofaidika, akatangaza habari hiyo mwaka wa 1957. Baada ya hapo ndipo wataalamu walipoirudia maabara na kuona kwamba dawa hizo huzuia au hupunguza athari za reserpini katika wanyama. Mfuatano huu haufai kusahauliwa. Mgonjwa alitangulia, mnyama akafuata. Kipimo cha maabara kilishonwa kwa umbo la dawa zilizokwisha kujulikana, na nguo iliyoshonwa kwa umbo la mtu mmoja haiwezi kumwenea kila mtu. Dawa ya miti shamba yenye kutibu kwa njia nyingine ingeweza kupita mbele ya kipimo hicho isionekane.

Kipimo kilichorithi nafasi ya reserpini kilitoka Ufaransa. Mwaka wa 1977 Roger Porsolt na wenzake walieleza katika jarida la Nature jaribio jepesi mno. Panya hutiwa katika chombo cha maji asichoweza kutoka. Kwanza huogelea kwa nguvu akitafuta njia. Kisha hutulia, akijongea kwa kiasi tu cha kuweka kichwa juu ya maji. Kesho yake hurudishwa majini kwa muda wa dakika 5, na dakika alizotulia huhesabiwa. Panya waliopewa dawa za sonona zinazojulikana walitulia kwa muda mfupi zaidi. Mwaka wa 1985 Lucien Steru na wenzake walileta jaribio la jamaa yake, ambalo panya mdogo huning'inizwa kwa mkia kwa dakika 6. Majaribio haya mawili yalikuwa rahisi, ya haraka, na ya gharama ndogo. Kwa hiyo yakaenea duniani kote, na hasa yakawa mlango wa kwanza wa dawa za mitishamba. Juisi ya jani hili na unga wa gome lile ulipelekwa majini pamoja na panya.

Hapana budi kukiri kwamba kipimo hicho kina faida yake. Lakini yapasa kuijua mipaka yake. Kitu chochote kimtiacho panya uchangamfu wa mwili, kama kafeini, huweza kumfanya aogelee zaidi, na mpimaji asiyekuwa mwangalifu akadhani amepata tiba ya sonona. Ndiyo sababu watafiti makini hupima kwanza mwendo wa panya katika uwanja wa wazi. Tena, mtu mwenye sonona hungoja majuma kadhaa kabla ya kuiona nafuu kamili ya dawa, na panya wa Porsolt alijibu baada ya kupewa dawa mara tatu tu ndani ya siku moja. Wako pia wataalamu wanaosema kwamba panya anayetulia hajakata tamaa hata kidogo: amejifunza kwamba kuhangaika hakumfai, naye anahifadhi nguvu zake. Mwaka wa 2023 kamati inayoishauri serikali ya Uingereza juu ya wanyama wa majaribio ilishauri kwamba jaribio la kuogelea lisichukuliwe kuwa mfano wa sonona. Sungura aliyejikunyata na panya aliyetulia ni ndugu: wote wawili walipachikwa huzuni na aliyewatazama.

Wahenga wamenena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hii ilithibitishwa maabarani na Robert Rosenthal na Kermit Fode wa Marekani katika taarifa waliyoichapisha mwaka wa 1963. Wanafunzi 12 walipewa panya watano kila mmoja ili wawafundishe kuchagua njia katika njia panda. Nusu ya wanafunzi waliambiwa kwamba panya wao ni wa ukoo wenye akili. Nusu nyingine waliambiwa kwamba wao wamepata wajinga. Kwa kweli panya wote walikuwa wa namna moja na waligawanywa bila kuchaguliwa. Hata hivyo panya walioitwa wenye akili walifanya vizuri zaidi. Hakuna aliyethibitishwa kuwa mdanganyifu. Matumaini yalipita katika mkono uliomshika panya na katika jicho lililomtazama.

Sasa na afikiriwe mtu aliyeketi mbele ya chombo cha maji, saa mkononi, akiamua kwa jicho lake ni wakati gani panya anaogelea na ni wakati gani anajiweka tu juu ya maji. Tofauti ni ndogo, na sekunde ni nyingi. Ikiwa anajua kwamba panya huyu amekunywa dawa anayoitumainia, ngozi ya ngoma itavutwa, hata kama yeye ni mwaminifu. Kinga zake zinajulikana, nazo si za gharama. Wanyama wagawanywe kwa kura, ili panya wepesi kushikwa wasiangukie upande mmoja. Mpimaji afichwe asijue nani amepewa nini. Idadi ya wanyama ikadiriwe kwa hesabu kabla ya kazi kuanza, na wale walioondolewa katikati ya kazi watajwe pamoja na sababu zao. Kinga hizo zilikwisha kujulikana kwa matibabu ya watu tangu mwaka wa 1948, Uingereza ilipochapisha jaribio la streptomisini kwa kifua kikuu lililogawa wagonjwa kwa kura. Lakini mwaka wa 2009 Carol Kilkenny na wenzake walipochunguza makala 271 za utafiti wa wanyama wa Uingereza na Marekani, waliona kwamba asilimia 87 hazikutaja mgawanyo wa kura, na asilimia 86 hazikutaja kufichwa kwa mpimaji. Uchunguzi huo ulikuwa wa utafiti wa kila namna, na nchi hizo ni zenye maabara tajiri. Basi udhaifu huu hauwezi kutupiwa dawa za mitishamba peke yake, wala nchi maskini peke yake.

Hata hivyo mitishamba ina mashaka yaliyo yake. Kidonge cha imipramini ni kile kile Basel na Nairobi. Gome la mti si lile lile masika na kiangazi. Jina la mmea katika lugha ya kijiji kimoja huweza kuwa jina la mmea mwingine kijiji cha pili. Dawa iliyotolewa kwa maji si ile iliyotolewa kwa spiriti. Mganga huinywesha, na mtafiti huidunga katika tumbo la panya. Mganga humpa mama aliyefiwa, na mtafiti humpa panya dume kijana mwenye afya, ingawa sonona huwapata wanawake wengi zaidi kuliko wanaume. Makala isiyotaja sehemu ya mmea, mahali ulipochumwa, na sampuli iliyohifadhiwa katika makumbusho ya mimea, haiwezi kurudiwa na mtu mwingine. Na jambo lisiloweza kurudiwa limebaki kuwa hadithi, hata likichapishwa na takwimu.

Mfano wa Hypericum perforatum, mmea wa Ulaya ambao Wajerumani huuita majani ya Yohana, unaonyesha jinsi safari ya dawa inavyopaswa kuendelea mbele ya panya. Mmea huu ulipita katika maji ya Porsolt na ukaonekana kufaa. Lakini haukuachwa hapo. Mwaka wa 1996 Klaus Linde na wenzake walikusanya majaribio 23 ya wagonjwa 1,757, yakaelekea kuusifu. Mwaka wa 2002 jaribio kubwa la Marekani lenye wagonjwa 340 halikuona tofauti kati ya mmea huo na kidonge kitupu. Lakini sertralini, dawa iliyokwisha kukubaliwa, nayo haikukishinda kidonge kitupu katika vipimo vikuu vya jaribio hilo. Msomaji wa haraka angesema mmea umeshindwa. Msomaji mwangalifu angeona kwamba mizani iliyoshindwa kuonyesha uzito wa jiwe linalojulikana haiwezi kuaminiwa kwa jiwe jipya. Mwaka wa 2008 Linde alirudi na majaribio 29 ya wagonjwa 5,489, na mizani ikaelemea tena upande wa mmea kwa sonona ya wastani, ingawa majaribio yaliyofanywa katika nchi zenye lugha ya Kijerumani yaliusifu zaidi kuliko ya kwingineko. Ngozi ya ngoma, kwa maneno mengine, haijaacha kuvutwa.

Tena kuna jambo ambalo chombo cha maji kisingelionyesha kamwe. Mwaka wa 2000 ilidhihirika kwamba Hypericum hupunguza kwa zaidi ya nusu kiasi cha indinaviri, dawa ya virusi vya Ukimwi, katika damu ya watu walioitumia pamoja nayo. Panya aliyeogelea kwa bidii asingeweza kumwonya mtu huyo. Hapa ndipo uzito wa jambo lote unapoonekana: katika nchi ambazo mtu huyohuyo huweza kumeza vidonge vya hospitali asubuhi na kunywa mizizi jioni, ushahidi nusu ni hatari kamili.

Juhudi za kurekebisha mambo hazikukosekana. Mwaka wa 1959 William Russell na Rex Burch wa Uingereza waliandika kitabu kilichofundisha kwamba wanyama wabadilishwe kwa njia nyingine iwezekanapo, idadi yao ipunguzwe, na mateso yao yapunguzwe. Wako waliodhani kwamba huruma hiyo ni adui wa elimu. Historia inaonyesha kinyume chake. Jaribio lisilo na kura, lisilo na ufichaji, wala hesabu ya kutosha, limewaua wanyama wake bure, kwa kuwa halikumfundisha mtu jambo la hakika. Na aliyepunguza wanyama bila hesabu mpaka wakawa wachache mno, naye amewapoteza hao wachache. Mwaka wa 2010 Kilkenny na wenzake walitoa mwongozo uitwao ARRIVE juu ya mambo yapasayo kutajwa katika kila makala ya utafiti wa wanyama, na mwaka wa 2014 Carlijn Hooijmans na wenzake wa Uholanzi walitoa kipimo cha kukadiria upendeleo uliojificha katika makala hizo.

Afrika ya Mashariki haikusimama kando ya mambo haya. Mwaka wa 1974 kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili, Dar es Salaam, na mwaka wa 1991 kikawa Taasisi ya Dawa za Asili. Chuo cha namna hiyo hupokea amana mbili kwa wakati mmoja: maarifa ya mganga aliyefunua siri ya ukoo wake, na uhai wa mnyama asiyeulizwa ridhaa. Amana hizo hazilipwi kwa makala yenye sifa nyingi. Hulipwa kwa jaribio ambalo lingeweza kusema hapana, na ambalo, liliposema ndiyo, halikusukumwa na mkono wa mwenye kutaka.

Sen na Bose walieleza mwaka wa 1931 waliyoyaona kwa wagonjwa, na sehemu kubwa ya waliyoyaona ilisimama: mzizi ulituliza, na ulishusha shinikizo la damu. Kilichoanguka baadaye ni jengo lililojengwa juu ya sungura aliyejikunyata. Kuna miti mingine katika milima ya Usambara na misitu ya Kongo inayongoja kupimwa, na wagonjwa wanaongoja pamoja nayo. Ikiwa miti hiyo itapimwa kwa mizani iliyonyooka, nyingine itakataliwa na nyingine itakubaliwa, na wenye miti hawatakuwa na sababu ya kulalamika. Ikipimwa kwa mizani iliyopinda, hata ile iliyo dawa ya kweli itashuka sokoni na jina lisiloaminika, na mwenye kusononeka atarudi nyumbani mikono mitupu.